Mdomo wa Kuazima

Siku walipomzika Ariel, mke wake Glodie aliongea maneno mengi, na watu wakasikia mengine kabisa. Tuliokuwepo tuliondoka pale tukitikisa vichwa, tukimsema vibaya mjane wa watu. Aibu ni yetu. Basi hadithi hii isemwe ilivyokuwa, na mwenye kununa anune.

Ariel alikuwa dereva wa taksi-moto, pikipiki ya abiria, mtoto wa mtaa wa Manika hapa Kolwezi, mtu wa kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Lori lilimfagia barabarani asubuhi moja ya mvua, likaenda zake. Alimwacha Glodie na mtoto wa mgongoni, Wivine, na nyumba ya matofali ya kuchoma hapa kwetu Kasulo. Nyumba hiyo ilikuwa na kitu ambacho majirani wengi hawana, nacho ni sakafu nzima. Pande zote watu walikuwa wamechimba: jikoni, sebuleni, chini ya vitanda, wanashuka kwa kamba na kupandisha magunia ya kobalti, kisha shimo wanalifunika kwa turubai la rangi ya chungwa. Ariel alikataa katakata.

"Mi nalalaka juu ya udongo," aliwaambia. "Sitake kulala juu ya kifuniko."

Glodie alikuwa mtu wa Mwene-Ditu, kule Kasaï, na lugha yake ilikuwa Tshiluba. Ariel aliipata lugha hiyo huko huko, enzi zake za kusafirisha mahindi, na mke akampata pamoja na lugha. Alipomleta Kolwezi, Glodie hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Ariel alimwambia asihangaike. "Kwa sasa mdomo wako ni mimi," alimwambia, na kweli alikuwa mdomo wake. Sokoni, kanisani, kwa mama mkwe, Glodie alisema lake, Ariel akaligeuza, watu wakacheka, na Glodie akacheka nao, nyuma yao kidogo. Ilikuwa raha tupu. Halafu mdomo ukazikwa.

Katika ukoo ule mjane anasema mara mbili. Anasema siku ya maziko, na anasema tena siku ya kuondoa kilio, matanga yanapokwisha, mbele ya wazee na mkubwa wa barabara, kiongozi wa mtaa. Neno la mara ya pili ndilo linalofunga. Likishasemwa, hakuna wa kulifungua. Siku ya maziko aliyesimama kumgeuzia Glodie maneno alikuwa Kalumba, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye aliwahi kufanya kazi kwenye reli ya Mwene-Ditu na Tshiluba alikitema kama mwenyeji; wengine pale hawakukijua.

Glodie alikaa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, na haya ndiyo aliyosema kwa lugha yake: "Nitabaki hapa. Nyumba tuliijenga wawili, udongo wa matofali niliukanyaga mimi nikiwa na mimba. Mtoto nitamlea hapa hapa, mbele ya macho ya mama wa baba yake. Mama Adèle, usinione mgeni. Nimebaki na wewe."

Kalumba akakohoa. Akatazama viatu vyake. Kisha akawageukia watu.

"Anasema asante kwa yote," akasema. "Anasema hapa kwetu hakupazoea. Kilio kikiisha atarudia kwabo. Mutoto atamuachia mama, na nyumba ni ya familia."

Watu wakaguna. Mama Adèle, mama mkwe, akageuza uso pembeni, na hakuugeuza tena. Glodie aliona uso ule ukienda, akadhani ni uchungu wa kufiwa.

Msiniulize kama Kalumba alikuwa shetani. Hakuwa shetani, alikuwa na mnunuzi. Kasulo kiwanja chenye sakafu nzima ni kiwanja ambacho madini yake bado yamo, na mtu kutoka ng'ambo alikuwa tayari kukinunua kizima, nyumba na vyote. Kilichomzuia Kalumba ni mwanamke mmoja asiyejua lugha ya mji. Kwa Kalumba hilo halikuwa kizuizi.

Basi Glodie akarudi Kasulo na nguo zake nyeusi, akaanza kuishi kati ya watu bila mdomo.

Sisi watu wa Kasulo tuna tabia mbaya moja. Tukijua husikii lugha yetu, tunakufanya ukuta. Pale bombani, foleni ya ndoo, wanawake walimsema Glodie akiwa katikati yao: alivyokonda, alivyofunga kitambaa, mtoto alivyofanana na baba. Hakuna aliyeshusha sauti. Na Glodie alikaa kwenye ndoo yake, ananyonyesha, kimya, uso hauonyeshi kitu. Lakini masikio yake, jamani! Alianza na matusi, kama kila mtu anayejifunza lugha, kwa sababu matusi ndiyo yanayotamkwa wazi. Akaja kwenye majina ya vitu. Akaja kwenye nani kagombana na nani. Kiswahili na Tshiluba ni binamu, na binamu hata akivaa nguo nyingine utamtambua kwa mwendo. Kila siku Glodie alitambua mmoja wawili, akawapeleka nyumbani.

Ndivyo alivyosikia. Asubuhi moja wanawake wawili mbele yake walikuwa wanamtazama Wivine.

"Katoto kazuri vile, kweli mama yake atakaacha?"

"Si ye mwenyewe alisemaka ku kilio? Kalumba alitueleza. Kilio kikiisha, ye anarudia kwabo, katoto kanabakia."

Kilio. Kalumba. Katoto. Kuacha. Glodie aliyaunganisha polepole, kisha akayaunganisha tena, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Akainuka. Aliacha zamu yake ya maji, kitu ambacho Kasulo mtu hafanyi hata akiumwa, akaenda moja kwa moja kwa jirani yake.

Jirani huyo ni Mama Abigaëlle, mwimbaji wa kwaya, mwanamke mwenye kifua kipana na ulimi usio na breki. Alikuwa anachambua matembele mlangoni.

"Mi," Glodie akasema, akijigonga kifuani. "Ku kilio. Mi... nilisema nini?"

Mama Abigaëlle alitaka kucheka, maana hajawahi kumsikia huyu mtu akiongea. Alipomwona macho, kicheko kikamrudia kooni. Akamweleza pole pole, kwa mikono na maneno, yote Kalumba aliyoyasema. Kurudi kwabo. Mtoto kwa nyanya yake. Nyumba kwa familia. Hakupazoea.

"Bongo," Glodie akasema. Uongo, hilo alikuwa amelisikia mara nyingi bombani. "Bongo. Bongo! Bongo!" Alilia kwa hasira, akapiga mlango wa watu kwa kiganja, mtoto naye akalia mgongoni.

Mama Abigaëlle alisimama, matembele yakamwagika. "Tuende kwa Mama Adèle sasa hivi! Mi nitamuambia! Ao tumutafute mutu wa Kasaï, beko mingi hapa Kolwezi, banasikia zote mbili..." Akaanza kuwahesabu majina kwa vidole.

Glodie alitikisa kichwa kwa kila jina. Alitafuta maneno, akayapata machache, na hayo machache yalitosha.

"Hapana. Mdomo ya mutu, hapana. Mi mwenyewe."

"Utajifunza lini, mama? Mvua zikiisha, kilio kinaondolewa!"

"Unifundishe," Glodie akasema, na akainama kumsaidia kuokota matembele.

Sasa, kusikia ni jambo moja. Kusoma ndiko kulikoleta vituko. Glodie alikuwa ametoka kwao na kitabu cha kanisa, cha masomo na nyimbo, kwa Tshiluba. Mama Abigaëlle alikuwa na kitabu hicho hicho kwa Kiswahili, kanisa moja, kurasa zinafuatana, nyimbo sauti zile zile. Glodie aliviweka viwili magotini, kimoja kila goti. Aliyoyajua kwa moyo upande wa kushoto aliyasoma upande wa kulia. Alisoma akipika, alisoma akinyonyesha, aliimba akifua. Jioni Mama Abigaëlle alimsikiliza kutoka ng'ambo ya ua, akipiga kelele kumsahihisha.

Lakini hakuna aliyekumbuka kumwambia jambo ambalo sisi tunalijua tangu tumboni: Kolwezi tunaimba kwa Kiswahili kimoja na kununua nyanya kwa kingine. Kile cha kitabuni ni cha mimbari. Pasta anakivaa Jumapili pamoja na tai, akishuka anakivua. Glodie alidhani ndicho Kiswahili, basi.

Akaenda soko la Manika, akasimama mbele ya meza ya nyanya, akavuta pumzi.

"Ee mama, amani iwe kwako," akatamka, sauti inapanda na kushuka. "Tazama, nimekuja kwako nipate nyanya, wala si hizi zilizooza."

 Mwuzaji alibaki na mkono hewani. Kisha mmoja wa nyuma akajibu, "Amina!" na hapo ndipo meza zote zilipolipuka.

"Mawee! Bantu, mukuye musikie! Mama Mahubiri amefika!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Walimwomba aombee samaki wa chumvi. Glodie alisikia uso unawaka, machozi yako karibu, na miguu inamwambia twende nyumbani. Aliikatalia miguu. Alikaza kitambaa cha mtoto.

"Chekeni," akawaambia, kwa sauti ile ile ya mimbari. "Mkiisha kucheka, niambieni ninyi mnasemaje."

Mwuzaji wa nyanya alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Tunasema hivi: Mama, tomati ngapi? Tena: Unitilie na matabishi. Basi."

"Mama, tomati ngapi," Glodie akarudia. "Unitilie na matabishi."

Akatiliwa nyongeza, nyingi kuliko haki yake. Kuanzia siku ile jina likawa hilo, Mama Mahubiri, toka Manika mpaka Kasulo. Watu walimchokoza makusudi wapate kumsikia, naye alijibu makusudi wapate kumfundisha. Cha mtaani akakishika. Ila aligundua kitu, akakiweka moyoni bila kumwambia hata Mama Abigaëlle. Alipoongea cha mtaani, watu waliisikia Kasaï katika ulimi wake, wakamkata katikati, wakammalizia sentensi. Alipoongea cha mimbari walicheka, ndiyo, lakini walingoja mpaka amalize. Hakuna mtu wa Kolwezi aliyelelewa kumkata anayehubiri.

Kuandika ndiko kulikomtesa. Aliandika kwa makaa ukutani, ndani ya nyumba, nyuma ya jiko, akafuta kwa kitambaa kibichi, akaandika tena. Herufi zilipinda, maneno yaligombana. Mama Abigaëlle alichoka kwa niaba yake.

"Ya nini kuandika? Ku kilio utasema tu. Hakuna mutu atakuuliza kuandika."

"Mtu asiyeweza kuandika, wengine humsemea," Glodie akamjibu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. "Sitaki tena."

Kabla ya siku yenyewe alijaribu mara moja kwenda kwa mama mkwe. Alivaa vizuri, akambeba Wivine, akapanda taksi-moto mpaka Manika, akabisha hodi. Mama Adèle alifungua mlango nusu. Alimtazama mtoto kwanza, muda mrefu, na mkono wake ukainuka kidogo kabla haujarudi chini.

"Mama, nimekuja tuongee," Glodie akasema.

"Ulishaka kusema," Mama Adèle akajibu. "Mi nilisikia. Kalumba akikuya, tutamalizia."

Mlango ukafungwa. Glodie angeweza kupiga kelele pale nje, na maneno alikuwa nayo. Alisimama akiufikiria uso ule wa siku ya maziko. Mama huyu alikuwa amemzika mtoto wake, na kabla udongo haujakauka akaambiwa kwamba mjane wa mtoto wake hakuwazoea. Nani angefungua mlango wote? Glodie alirudi Kasulo na hasira zimehamia zote kwa mtu mmoja.

Mvua zikaisha. Kalumba akaja kutoka Lubumbashi, anakoishi, na hakuja peke yake. Alikuwa amempigia simu mjomba wa Glodie, Tata Symphorien wa Mwene-Ditu, akamwambia mtoto wenu anataka kurudi, njoo umchukue. Mzee alisafiri na mfuko, na ndani ya mfuko mlikuwa na kitambaa cha kichwa, kipya, cha kijani. Kwa desturi ya hapo, kilio kikiondolewa, mjane anavuliwa kitambaa cheusi na kufungwa kingine. Akifungwa na watu wa kwao, ameondoka. Akifungwa na mama mkwe, amebaki. Kalumba alipoambiwa kwamba shemeji yake siku hizi anasema Kiswahili, alicheka sana.

"Ile ya kanisa? Acha aimbe. Mambo ya bantu bakubwa haiimbwake."

Jumamosi ya siku yenyewe ua wa Mama Adèle ulijaa. Viti vya plastiki, turubai, masufuria ya bukari, ugali wetu, nyuma ya nyumba. Wazee walikaa mbele pamoja na Tata Omer, mkubwa wa barabara, mwenye kofia yake ya heshima. Tata Symphorien alikaa kwenye kiti cha mgeni, mfuko magotini, anatabasamu kwa kila mtu kwa sababu hasikii hata neno. Glodie alilijua tabasamu lile. Alikuwa amelivaa yeye mwenyewe muda mrefu.

Kalumba alisimama kando yake, akamwambia kwa Tshiluba, kwa upole kabisa, "Sema kidogo tu, shemeji. Mimi nitamalizia."

Glodie alikaza kitambaa chake cheusi. Aliinuka. 

"Enyi wazee, enyi mama zangu, na wewe Tata Omer, mkubwa wa barabara yetu," akaanza, sauti inapanda. "Amani iwe kwenu!"

Na watu wote, kwa mazoea ya Jumapili zote za maisha yao, wakaitikia: "Amina!"

Kalumba akainua mkono. "Bon, shemeji, ngoja mi nita..."

"Shii!" bibi mmoja akamkemea kutoka nyuma. "We Kalumba, mutu anahubiri unamukatisha? Ulilelewa wapi?"

Vijana wakacheka, wazee wakawageukia, wakanyamaza. Na Glodie akaendelea, hakukimbia, hakumeza neno.

"Siku ile tulipomzika mume wangu nilinena, nanyi hamkunisikia. Mlisikia kinywa cha mwingine. Leo nanena mwenyewe. Siendi popote! Nyumba ya Kasulo tuliijenga wawili, nami niliukanyaga udongo wa matofali yake nikiwa na mimba. Nitakaa ndani yake. Mtoto nitamlea mimi, wala hatakosa kumjua mama wa baba yake. Hayo ndiyo niliyoyasema siku ile. Yale mengine sikuyasema, la, hata moja!"

 Hakuna aliyeitikia Amina safari hii. Kalumba alilazimisha kicheko.

"Anakariri kitabu tu, bazee. Hajue yenye anasema. Tata Omer, mi nitaeleza vile..."

"Kalumba." Glodie alishuka mimbarini. Sasa ilikuwa sauti ya bombani, sauti ya meza ya nyanya, Kasaï imo ndani na haifichwi. "Manseba yangu, huyu mujomba, iko pale, ulimuita we mwenyewe. Hasikie Kiswahili. Wewe njo mutafsiri, si vile? Basi mutafsirie. Yote nilisema, neno kwa neno. Mi nasikia zote mbili."

Tata Symphorien, alipoona macho yote yamemgeukia, akauliza kwa Tshiluba mtoto wake amesema nini. Kalumba akalamba midomo. Akaanza kwa Tshiluba: anashukuru, anawashukuru wote kwa...

"Hapana," Glodie akamkata. "Hiyo sikuisema. Rudia mwanzo."

Mtu akacheka nyuma, kwa nguvu. Kalumba akarudia mwanzo. Sentensi moja moja, jasho linamtoka, kaka mkubwa wa watu alisimama mbele ya ukoo wake akisema kwa Tshiluba kwamba siku ya maziko kinywa cha mwingine kilimsemea mjane. Alipofika kwenye nyumba akaruka kidogo.

"Matofali," Glodie akasema. "Umesahau matofali."

Akayarudisha matofali. Akamaliza. Tata Symphorien hakutabasamu tena. Alisimama na mfuko wake, akasema neno refu huku akimtazama Kalumba, na Kalumba hakufungua mdomo. Basi Glodie akawageukia watu, akaligeuza yeye.

"Anauliza: kama mutoto yangu hakusema anataka kurudia, ni nani alinipigia simu?"

Kalumba alisema nyumba ni ya familia, mambo ya familia hayajaisha. Alisema mnunuzi anakuja Jumatatu. Alisema mengi, na hakuna aliyemtazama, kwa sababu Mama Adèle alikuwa ameinuka kwenye kiti chake. Alikuja mpaka mbele ya Glodie, karibu sana.

"Haukusemaka kama hapa haukutuzoea?"

Maneno yote ya mimbari yakamtoka Glodie, na ya mtaani pia. Alibaki na machache tu. "Hapana, Mama. Nilisemaka: nimebaki na wewe."

Mama Adèle alifunika mdomo. "Mutoto yangu alikufa," akasema, "alafu bananinyanganya na wewe. Nilikukasirikia bure. Nilifungia mutoto wa Ariel mulango." Alilia pale mbele ya watu wote, na Glodie akalia naye, kwa hasira na kwa faraja, hata yeye hajui ipi zaidi. Kisha mama mzima akajipangusa kwa kiganja na kunyoosha mkono. "Muambie manseba yako anipatie ile kitambaa."

Glodie akamwambia kwa Tshiluba. Mzee akakitoa mfukoni, cha kijani, kipya, akampa mama mkwe kwa mikono miwili. Mama Adèle akamvua Glodie kile cheusi, akamfunga cha kijani, akakaza fundo mpaka likauma.

"Mjane amesema mbele yangu," Tata Omer akasema, akiweka sawa kofia yake. "Tena mara mbili, kwa lugha mbili. Kilio kimeisha."

Jumatatu asubuhi Glodie alikuwa amesimama mbele ya ukuta wake, na kopo la rangi ya bluu iliyobaki siku Ariel alipopaka mlango. Mama Abigaëlle alikuwa amembeba Wivine, anasimamia kazi kama fundi mkuu.

"Utaandika kwa Kiswahili gani? Ya kanisa ao ya kwetu?"

"Ya kwetu," Glodie akasema.

Akaandika herufi kubwa, zimepinda kidogo, zinasomeka toka barabarani. HII LUPANGO HAIUZISHWE. Hapa kwetu lupango ni kiwanja na nyumba yake, kila mtu anajua, na kila mtu aliyepita alisoma kwa sauti. Alikuwa bado anaandika mstari wa pili gari liliposimama. Akashuka mnunuzi, mgeni wa ng'ambo, miwani ya jua na viatu safi, na nyuma yake mkalimani mwenye tai. Kalumba alibaki ndani ya gari, kioo juu.

Mgeni alisema kitu kwa lugha yake. Mkalimani akasafisha koo.

"Mama, jambo. Patron anauliza, mwenyewe wa hii lupango ni nani, na anataka bei gani?"

Glodie alimaliza herufi ya mwisho kwanza. MWENYEWE EKO NDANI. Akachovya brashi, akaongeza rangi palipofifia, kisha akageuka.

"Ye hana mdomo?"

"Hasikie Kiswahili, mama. Mi njo namusemea."

"Basi muambie ajifunze," Glodie akasema. "Mi nilijifunza. Akishajua akuye aniulize ye mwenyewe, na mi mwenyewe nitamuambia hapana."